Kibodi ya Boksi

Faudhia aliandika barua nzima bila vidole kujikwaa hata mara moja, na kompyuta ilikuwa imezimwa.

Mama yake, Mwaija, aliona mwanzo hadi mwisho. Alikuwa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la ofisi ya mradi wa visima hapo Handeni mjini, beseni lake la vitumbua likiwa miguuni. Mlinzi alikuwa amemwambia asubiri getini. Lakini getini hakuna cha kuona, na Mwaija hakuacha wateja wake wa stendi ili aje kuangalia barabara. Alimpa mlinzi vitumbua viwili, mlinzi akageuza shingo.

Ndani, Faudhia aliwaamkia watu watatu waliokuwa wakisaili, akakaa mbele ya kompyuta na kunyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. Sketi yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kitunguu. Bi Grasiana, karani mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba, akaanza kumsomea barua ya kuagiza mabomba. Vidole vikaanza. Jamani, vidole vile! Vyote kumi vilifanya kazi, hakuna kilichomtegea mwenzake. Macho aliyakaza ukutani, kwenye kalenda, kwa sababu chuoni walifundishwa kwamba mwandishi hodari haangalii mashine, mashine ndiyo inayomwangalia yeye. Mwaija alikaa pale nje akitabasamu peke yake, kifua kimemjaa.

Barua ikaisha. Faudhia akasimama, akaweka mikono nyuma, akatamka kwa sauti ya darasani, "Tayari, mwalimu!"

"Tayari nini?" akauliza mwanamume mmoja mwenye tai.

"Barua."

"Iko wapi?"

Faudhia akaangalia vidole vyake, kana kwamba barua ilikuwa imebaki kwenye kucha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akakiangalia kioo cha kompyuta. Kilikuwa cheusi tii. Alijiona mwenyewe humo ndani, mdomo wazi.

Mwenye tai akacheka. Tena si cheko la mtu mzima aliyejiheshimu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ile tai. "Huyu ni wa nne!" akamwambia mwenzake. "Wa nne, na wote wametoka chuo kimoja! Huko Korogwe wanafundishwa nini, kupapasa?" Mwenzake naye akadakia, wakacheka kama wamelipwa. Faudhia akabaki amesimama, mikono nyuma, bado anasubiri maksi zake.

Bi Grasiana hakucheka. Alitoka nje, akaja mpaka kwenye benchi.

"Shikamoo. Wewe ndiye mama yake?"

"Marahaba. Ndiye mimi." Mwaija aliona aibu mpaka akalifunika beseni ambalo tayari lilikuwa limefunikwa.

"Vidole anavyo. Sijaona vidole kama vile tangu tuanze usaili. Ila mashine haijui. Sikiliza, mama. Ijumaa tunarudia, maana hatujapata mtu. Mtafutie mahali popote penye kompyuta inayowaka, akae nayo hata mchana mmoja. Awashe, aandike barua ile ile, aitoe kwenye karatasi. Akiweza, kiti ni chake."

"Kiti ni chake," Mwaija akarudia.

"Chake. Na mshahara wa serikali haufiki nusu ya huu wa mradi."

* * *

Nyumbani kwao Chanika, hapo hapo Handeni, picha ya Faudhia ilikuwa ukutani mahali ambapo watu wengine hutundika kalenda ya duka. Amevaa joho la kuazima, mkono mmoja juu ya kibodi, na nyuma yake kioo kinang'aa buluu. Jirani yao, Mama Abdi, alikuwa na mazoea ya kuwaleta wageni wake waje kuiangalia, kana kwamba aliipiga yeye.

Mwaija akasimama mbele ya picha, kanga kiunoni. "Hiki ulichoshika hapa ni nini?"

"Kompyuta," Faudhia akajibu kutoka mlangoni. Hakutaka kuingia.

"Uliishika?"

"Si unaona."

"Uliishika mara ngapi?"

Kuku akapita katikati yao, akamwangalia huyu, akamwangalia yule, akaona hapafai, akatoka.

"Hiyo hapo," Faudhia akasema. "Siku ya picha."

"Na miezi yote ile uliyokuwa Korogwe ulikuwa unashika nini?"

Faudhia akaingia chumbani, akarudi na kipande cha boksi la majani ya chai. Kilikuwa kimechorwa herufi kwa kalamu ya wino, zimepangwa kama zilivyo kwenye kibodi, na katikati karatasi ilikuwa imelika kwa kuguswaguswa. Mwaija alikwisha kukiona mara nyingi. Alidhani ni kitu cha kufanyia mazoezi likizo tu.

"Tulipiga hizi. Kila mtu na ya kwake. Mwalimu anasoma, anapita nyuma yetu na fimbo, anaangalia vidole. Ukimaliza unasimama, unasema tayari, anakuandikia maksi."

"Anaziona wapi?"

"Kwenye vidole! Ndiyo nakwambia. Mimi nilikuwa wa kwanza, mama."

"Wa kwanza kwa kupiga boksi."

"Sote tulipiga boksi," Faudhia akasema. "Mimi nilipiga vizuri."

Mwaija akakaa kwenye kigoda. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alishindwa hata kusema alidanganywa akiwa haoni. Aliona. Chuo hicho cha Korogwe, mali ya mtu aitwaye Bernardo, kilikuwa na chumba cha kompyuta, na kila mzazi aliyekwenda kulipa ada alifunguliwa mlango achungulie. Mashine zilikaa kwa safu, kila moja imevishwa kitambaa cheupe cha kufuma kuanzia kichwani mpaka mezani. Bernardo mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, lakini alikuwa na masikio, na alikwisha kujua watu wa huku wanavyomtunza msichana aliyevunja ungo. "Wazazi wangu," alikuwa akiwaambia, mkono kifuani, "kompyuta ni mwali. Mwali haonekani ovyo. Mwali ana siku yake ya kutolewa nje."

Na wazazi wakatikisa vichwa, kwa sababu hapo walisikia jambo wanalolijua. Hakuna mtu mwenye adabu anayevamia nyumba yenye mwali na kudai kumwona. Siku ya mahafali Bernardo akatoa mwali mmoja nje, akamfunua taratibu, kioo kikawaka buluu, akina mama wakapiga vigelegele na kumwaga sarafu mezani. Aliyepiga kigelegele kirefu kupita wote ni Mwaija. Na Mwaija ni kungwi. Wasichana wa Chanika nzima wamepita mikononi mwake.

* * *

Kesho yake mama na binti wakaenda Korogwe.

Chuo kilikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika. Enzi za ushirika, pamba ya Handeni ililala humo mpaka dari. Ushirika ulipokufa, walilala popo, kisha akaja Bernardo na rangi ya kijani na kibao kikubwa kilichoandikwa neno kompyuta mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na kata. Mtu anavua viatu, ananawa miguu, ndipo anaingia.

Siku hiyo palikuwa na shughuli. Mahafali ya darasa jipya yalikuwa Jumamosi, na wazazi walikwisha kuanza kuleta vyao. Mzee mmoja wa Kimasai, Nkoitiko, alikuwa uani anafunga beberu kwenye mti, lubega lake jekundu limeloa jasho. Alikuwa ametoka nyikani kabisa, huko Handeni kunakokauka mapema. Binti yake Naserian, mwanafunzi, alikuwa amemshikia fimbo.

"Karibu, yeyo," Nkoitiko akamwambia Mwaija, akimwita mama kwa Kimasai. "Na wewe umeleta mbuzi?"

"Nimeleta binti."

"Binti huletwa mwanzo. Mwisho ni mbuzi," Nkoitiko akasema, akacheka kwa furaha ya mtu ambaye deni lake na dunia limekaribia kwisha.

Bernardo akatokea. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alimtambua Faudhia mara moja. "Aa, mwanafunzi bora! Mmekuja kutusaidia kupamba?"

Mwaija akamweleza shida yake. Alijieleza kwa upole, kwa maana alikuja kuomba. Kazi ipo, kiti kipo, Ijumaa ndiyo siku. Wanachotaka ni mashine moja inayowaka, mchana mmoja tu, basi. Alipomaliza akamsogezea Bernardo mfuko wa vitumbua, akajichukia kwa kuusogeza.

Bernardo akauchukua. "Mama, ngoja nikuelimishe," akasema, na mdomo tayari una kitumbua. "Kompyuta si mashine ya kusaga. Ina ugonjwa unaitwa kirusi. Unaingia kwa vumbi, kwa jasho, kwa uchafu. Ndiyo maana hapa tunanawa. Ndiyo maana wasichana wakiwa katika siku zao hawaingii chumba cha mashine kabisa, wananiambia mapema naandika kwenye daftari langu. Sasa na wewe nikuulize kwa heshima, mama. Uko salama?"

Wanafunzi wa kike waliokuwa wanafagia wakainamisha vichwa. Mwaija akawaangalia wasichana wale, mmoja mmoja. Kila mwezi, watoto wa watu walikuwa wanakwenda kwa mwanamume huyu kumtajia habari zao za ndani, na yeye anaandika, ili wasishike kitu ambacho hata hivyo wasingekishika.

"Mwanangu," akamjibu, "siku zangu zilikwisha kabla wewe hujajua kufunga vifungo. Niko salama kuliko wewe. Nionyeshe mashine."

"Siyo leo. Mwali hatolewi..."

"Mwali?" Mwaija akamkatiza. "Wewe unanifundisha mimi habari za mwali?"

Akasukuma mlango wa chumba cha mashine. Bernardo alikuwa na kitumbua mkono mmoja na mfuko mkono wa pili, akakosa mkono wa kumzuia. Wanafunzi wakamfuata mpaka mlangoni, Nkoitiko naye na wazazi wachache waliokuwa uani, wote miguu mitupu na imelowa. Mwaija akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kwanza. Akashika kitambaa kwa ncha mbili, juu ya paji, kama anavyoshika mtandio wa mwali mbele ya wakwe, akakiinua.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Harufu ya kabati lililofungiwa nguo mbichi, na mavi ya popo. Kioo kilikuwa kimepasuka, na ndani yake hamna kitu ila mende. Mwanga ulipowapiga wakamwagika mezani, wakaanguka chini, wakaanza kupita juu ya vidole vya miguu vilivyooshwa kwa ajili yao. Wasichana wakapiga mayowe, wakawa wanacheza ngoma isiyo na mdundo. Mwaija hakuondoa mguu. Akaenda ya pili: sanduku tupu, limebaki bati la nje tu. Ya tatu: sanduku, na ndani yake soksi za kiume, zimekunjana na kukauka kama samaki. Ya nne hakuifunua. Harufu yake ilitosha.

"Haya," akasema. "Wazazi, pigeni vigelegele."

Hakuna aliyepiga.

Bernardo alikwisha kumeza kitumbua. Wala hakutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Mwaija. "Hizi ni mashine za nadharia," akasema kwa utulivu. "Zililetwa na meli kutoka Ulaya, zilifika hivyo hivyo. Ya vitendo iko nyumbani kwangu. Huja siku ya mahafali."

"Basi twende huko nyumbani kwako tukaiwashe."

"Ina ratiba."

"Ratiba gani?"

"Anaitumia kuchezea karata," ikasema sauti ya msichana mmoja nyuma, halafu ikajificha.

Mwaija akawageukia wazazi na wanafunzi. Alisubiri. Aliamini kabisa kwamba sasa watu wangelipuka, kwamba beberu angefunguliwa, kwamba kalamu zile tatu zingevunjwa. Nkoitiko akasogea mbele na fimbo yake. Bernardo kwa mara ya kwanza akarudi nyuma nusu hatua.

"Yeyo," Nkoitiko akasema taratibu. "Funika."

"Nini?"

"Funika."

"Baba, hujaona?"

"Mende nimeona. Macho ninayo. Lakini wengine hawajaona." Mzee alikuwa anaongea karibu kwa kunong'ona. "Kule kwetu wazee wenzangu walinicheka. Walisema Nkoitiko anauza ng'ombe ananunua upepo. Nikawaambia njooni Jumamosi, mtaona mashine na mtoto wangu pamoja. Wanakuja. Lori limekodiwa. Sasa niwaambie nini? Niwaambie walikuwa na haki? Funika, yeyo. Jumapili ufunue tena, nitakusaidia."

"Mama, unatuharibia vyeti vyetu," Naserian akasema, machozi yanamtoka. "Chuo kikisemwa, nani atakikubali cheti changu?"

"Hata sasa hakikubaliwi! Huyu wangu amechekwa jana!"

"Ni yeye. Labda mimi sitachekwa."

Na hapo wasichana wakaanza kazi. Hakuna aliyewaagiza. Mmoja akashika ufagio akawafagia mende, mwingine akaokota kitambaa na kukikung'uta, wawili wakakitandika tena juu ya mashine, wakivuta huku na huku mpaka mikunjo ikalala sawa. Soksi zikarudishwa sandukuni. Mwaija akatafuta uso wa Faudhia katikati yao ili wapate kuondoka. Akamwona chini, amepiga magoti, anainyoosha ncha ya kitambaa cha kwanza ambayo ilikuwa imekaa upande.

"Faudhia!"

"Imekaa vibaya, mama," Faudhia akasema bila kuinua kichwa.

Bernardo akaona, na akatabasamu. Huyo mtu hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga wangemkamata zamani. "Mwanafunzi bora," akasema, "mwalimu wangu ameniacha, kapata duka Mombo. Darasa jipya linaanza wiki ijayo. Kwa nini usije ufundishe wewe? Chumba cha kulala kipo, mshahara upo. Vidole kama vyako vitakwenda wapi?"

* * *

Mwaija hakukata tamaa. Alhamisi asubuhi alikwenda tena mradi wa visima, bila beseni safari hii, akamwomba Bi Grasiana watoke nje. Akamweleza kila kitu, mpaka soksi.

Bi Grasiana akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Mungu wangu. Na yule mwenye tai anacheka." Akafikiri kidogo. "Basi mlete hapa kwangu. Wenzangu wakienda kula, mashine inabaki na mimi. Nitamfundisha mwenyewe, kuanzia kuiwasha. Kesho hataweza, na kiti kile nitampa mtu mwingine. Lakini nitawaambia nataka msichana wa kufagia na kupeleka barua. Aanzie hapo. Mwaka ukigeuka atakuwa anaandika. Nina sharti moja tu. Kile cheti chake asikilete tena humu. Aje kama mtu asiyejua kitu."

Mwaija alitaka kumbusu mikono. Akarudi Chanika karibu anakimbia, kanga inamvuka, akamkuta Faudhia anafunga begi.

"Kufagia?" Faudhia akauliza alipomaliza kuelezwa.

"Kufagia, na kujifunza kompyuta yenyewe. Ya kweli."

"Mbele ya yule aliyejifuta machozi kwa tai?"

"Mbele yake. Atacheka mpaka achoke."

"Wewe hukusimama pale, mama. Wewe ulikuwa dirishani." Faudhia akaketi juu ya begi ili zipu ifungike. "Na watu wa hapa? Mama Abdi? Wameona picha, wamekula pilau ya mahafali, halafu wanione na ufagio?"

"Kwa hiyo utakwenda kwa yule mtu mchafu. Utawafundisha nini watoto wa wenzako?"

"Nilichofundishwa."

"Boksi!"

"Boksi. Nalijua kuliko wote."

"Si utakuwa unawaibia, mwanangu? Si utakuwa mwizi, tena mwizi wa mchana?"

Faudhia akamwangalia mama yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mama, wewe wasichana unawaweka ndani, unawafundisha namna ya kumtuliza mume asitoke nje. Wazazi wanakuletea kanga na mchele. Si ndiyo? Na baba aliondoka mimi nanyonya. Kuna mtu aliyewahi kukwambia unaiba?"

Mwaija akatoka nje, akasimama ukutani kwenye jua, akabaki hapo mpaka aliposikia zipu inafungwa.

Ijumaa Faudhia akapanda gari la Korogwe. Mchana wa siku hiyo hiyo Mwaija akaenda kumwambia Bi Grasiana asimngojee. Bi Grasiana alikuwa amekaa peke yake, kompyuta imewashwa, kiti cha pili kimesogezwa karibu. Alikirudisha kile kiti ukutani, kwa mguu.

* * *

Mitaa haikuchelewa kupata habari. Hongera zikaanza kumiminika. Wanaume ambao hawakuwahi kununua vitumbua kwa Mwaija wakawa wananunua na kumwita Mama Mwalimu. Faudhia alituma salamu kwa madereva, alituma sukari, akatuma kanga mbili zenye maneno matamu. Mwaija aliipokea sukari, akakaangia vitumbua vya kuuza. Chai yake aliinywa bila sukari. Hakuna aliyejua, na kama wangejua wangesema ni daktari aliyemkataza.

Ada mpya za chuo zilipotangazwa, Mama Abdi akaja. Alikuja jioni mapema, amevaa vizuri, amemshika mkono binti yake Rosina aliyemaliza darasa la saba, na kuku mmoja kwapani. Mtu akija na kuku kwapani huhitaji kuuliza.

"Jirani, nimekuja kwa miguu miwili," Mama Abdi akaanza. "Nataka huyu aende kwa Faudhia. Msemee apate nafasi. Nasikia zinajaa."

"Mpeleke fundi cherehani," Mwaija akasema, anaukoroga unga.

"Cherehani! Wako akae na kompyuta, wangu ashike sindano?"

"Rosina, mwanangu, nenda ukanichotee maji." Binti alipotoka na ndoo, Mwaija akaacha mwiko. Akamwambia Mama Abdi yote. Hakumficha kitu. Akamwambia boksi la majani ya chai, barua iliyoandikwa hewani, ndoo ya kunawa miguu, daftari la siku za wasichana, mende, soksi. Akamwambia, "Mwanangu Faudhia, huyo mwalimu, hajui kompyuta inawashiwa wapi. Nakwambia mimi niliyemzaa. Na nikikwambia hivi namvua nguo mwanangu, kwa hiyo ujue sisemi kwa utani."

Mama Abdi alisikiliza, mdomo wazi. Mwanzoni alitaka kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. Kuku naye alikuwa ametulia kwapani.

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu."

"Zote hamna kitu?"

"Hamna kitu."

"Na wanakaa wanapiga maboksi?"

"Mpaka yanatoboka."

Mama Abdi akakaa kwenye kigoda, akaguna kwa muda mrefu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa kweli kweli, "Sasa kama hakuna wanachofanya, Faudhia analipwa na nini?"

"Analipwa na wewe," Mwaija akasema.

Neno likakaa pale katikati ya nyumba. Mwaija aliliona linavyomwingia Mama Abdi, linavyoshuka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya usaili akahisi kifua kinaachia. Angalau mmoja ameelewa. Angalau mtoto mmoja ataponea.

Mama Abdi alikuwa anauangalia ule mkono wa Faudhia kwenye picha ukutani, ulioguswa na mwanga wa buluu. Kisha akamtoa kuku kwapani, akamweka chini, akamfunga mguu kwenye kigoda kwa uzi aliouchomoa kwenye upindo wa kanga.

"Basi mwambie atupunguzie ada," akasema. "Sisi si majirani?"